Bruno Gutmann wa Old Moshi: Mwalimu Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

Huenda ukastaajabu kukuta katika gazeti letu la dini maisha ya padre wa Kilutheri. Lakini kumbuka yaliyotokea baada ya vita vya Badri. Baadhi ya mateka wa Makka hawakuwa na mali ya kujikomboa, ila walijua kusoma na kuandika. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliwakubalia wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Watu hao walikuwa washirikina, na siku chache kabla ya hapo walikuwa wamebeba panga dhidi ya Waislamu. Hata hivyo elimu waliyokuwa nayo haikukataliwa. Basi mtu asituulize kwa nini tunatafuta funzo katika maisha ya Mkristo aliyekaa muda mrefu katika miteremko ya Kilimanjaro, akafundisha walimu, akakosea katika mambo kadhaa, na akaacha mfano ambao kila mwalimu wa shule ya dini anafaa kuutazama kwa makini.

Mtu huyo ni Bruno Gutmann. Ukipanda kutoka mjini Moshi kuelekea Kidia, katika nchi ya Old Moshi, wazee watakuambia habari zake, ingawa aliondoka huko mwaka 1938.

MLIMA WENYE DINI NYINGI

Kwanza ni lazima tuielewe nchi aliyoikuta. Uchagani haukuwa nchi ya utawala mmoja. Kila eneo lilikuwa na mangi wake, na lugha ilibadilika kadiri mtu alivyosafiri kutoka Rombo mpaka Machame, hata mtu wa mashariki akapata taabu kumwelewa mtu wa magharibi. Misafara ya pwani ilikuwa ikifika huko zamani, na Mangi Rindi wa Moshi alikuwa na uhusiano na wafanya biashara Waswahili na hata na Sultani wa Unguja. Kwa hiyo jina la Uislamu lilisikika mlimani kabla ya misioni za Kikristo kujengwa.

Waanglikana walifungua kituo Moshi mwaka 1885. Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu wakakaa Kilema tangu mwaka 1891. Baada ya mapigano baina ya Wajerumani na Mangi Meli, mwana wa Rindi, mwaka 1892, Waanglikana waliondoka, na mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Misioni ya Leipzig. Tangu hapo mlima ukawa kama umegawanywa. Machame, Old Moshi, Marangu na Mamba zilikuwa na shule nyingi za Kilutheri. Kilema, Kibosho na Rombo zilikuwa na shule nyingi za Kikatoliki. Reli ya kutoka Tanga ilipofunguliwa mpaka Moshi mwaka 1912, mji mpya ukakua huko bondeni, nao ukakusanya Waswahili, Wahindi, Wapare na watu wa makabila mengine, pamoja na misikiti na mahekalu yao.

Msomaji mpenzi, usisahau jambo moja zito. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na wakuu wengine. Miaka miwili tu baadaye Gutmann alifika mlimani. Alikuja akiwa na rangi ya wale walionyonga, na alisema lugha yao. Mtu wa namna hiyo atafundishaje watu waliomwona mangi wao akining'inia mtini?

KIJANA WA DRESDEN

Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden, Ujerumani. Mwaka 1895 aliingia chuo cha Misioni ya Leipzig ili atayarishwe kuwa mmisionari. Katika mji huo alipata pia kusikiliza mihadhara ya Wilhelm Wundt, bingwa wa elimu ya nafsi, ambaye alichunguza jinsi fikra za mtu zinavyojengwa na lugha, desturi na jamii aliyozaliwa ndani yake. Fikra hizo zilimkaa Gutmann maisha yake yote.

Alifika Afrika Mashariki mwaka 1902. Alianza kazi Mamba, kisha Machame, akafungua kituo cha Masama, na mwaka 1910 akakabidhiwa usharika wa Old Moshi. Hapo ndipo alipofanya kazi kubwa ya maisha yake.

MWANAFUNZI WA WAZEE

Wamisionari wengi wa zama zile walidhani kwamba wakishapata cheti cha chuo cha Ulaya masomo yao yamekwisha, na iliyobaki ni kufundisha tu. Gutmann aliona kinyume. Aliona kwamba alichokipata Leipzig kilikuwa nusu ya elimu, na kwamba nusu nyingine ilikuwa kwa wazee wa Kichagga, ambao wengi wao hawakujua kusoma hata herufi moja. Basi akakaa miguuni pao. Alijifunza lugha ya Kimochi hata akaweza kuitumia kuhubiri, kuandika na kutafsiri Agano Jipya. Aliandika jinsi mashauri yalivyoamuliwa, jinsi mahari yalivyotolewa, jinsi kihamba cha migomba kilivyorithiwa, jinsi nyuki walivyofugwa, na jinsi koo zilivyogawana zamu za maji ya mifereji ambayo Wachagga huiita mifongo.

Zaidi ya hayo alijifunza jinsi Wachagga wenyewe walivyokuwa wakifundisha. Wengi walisema kwamba Mwafrika hakuwa na elimu mpaka shule zilipokuja. Gutmann aligundua kwamba vijana waliopitia jando walifundishwa mafunzo marefu yaliyopangwa kwa utaratibu, na kwamba mwalimu wao alitumia fimbo iliyochongwa alama, iitwayo mregho. Kila alama ilikuwa na fundisho lake juu ya mwili wa mtu, wajibu wake, wazazi wake na ukoo wake. Mwalimu aliifuata fimbo alama moja baada ya nyingine, na kijana alipaswa kuyaweka yote moyoni. Mafunzo hayo Gutmann aliyakusanya kutoka kwa wazee akayachapisha katika vitabu vitatu vikubwa baina ya mwaka 1932 na 1938. Kabla ya hapo, mwaka 1926, alikuwa ametoa kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, ambacho wataalamu wanaendelea kukisoma hata leo. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimtunukia shahada za heshima katika theolojia na katika sheria. Lakini sisi tujue kwamba walimu waliompa elimu hiyo walikuwa wazee wa Old Moshi, nao hawakutunukiwa na chuo chochote.

MWALIMU NI JIRANI

Misioni ya Leipzig ilianza kuwaandaa walimu wa Kichagga mapema. Chuo chao cha ualimu kilianza Moshi mwaka 1902, na mwaka 1912 kikahamia Marangu. Kijana aliyetoka huko alirudi kijijini akafundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini. Mara nyingi alikuwa mwalimu siku za juma na mhubiri siku ya Jumapili. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na heshima yake ilikuwa kubwa.

Gutmann aliwaambia walimu wa namna hiyo jambo ambalo lilikuwa geni katika zama zile. Alishikilia kwamba Mwenyezi Mungu hakumwumba mtu kama kokoto iliyo peke yake. Kila mtu huzaliwa ndani ya vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Shule inayomtoa mtoto katika vifungo hivyo, ikamwacha na kitabu tu mkononi, haikumfundisha bali imemfanya yatima. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuijua nyumba ya kila mtoto, na wazee wa mtaa lazima washirikishwe katika malezi. Vijana waliojiandaa kwa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya undugu, akiviita kwa jina la ngao, kama zamani wapiganaji wa rika moja walivyokingana, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake katika tabia njema. Baada ya ibada watu walikutana uwanjani kwenye majani, wakazungumza mambo yao kama wazee walivyozoea kukaa barazani.

Sisi Waislamu tukitazama mpango huo tunaona jambo tunalolijua. Je, Mtukufu Mtume s.a.w. alipofika Madina hakuwaunganisha Muhajirina na Ansari, mtu na ndugu yake, kabla ya mambo mengine mengi? Je, dini yetu haikusisitiza haki za jirani hata Mtukufu Mtume s.a.w. akadhani jirani atafanywa mrithi? Gutmann alilifikia jambo hilo kwa njia ya wazee wa Kichagga. Sisi tulipewa kwa ufunuo karne nyingi kabla yake. Lakini swali linalotuhusu ni hili: kati ya aliyepewa na asiyepewa, ni nani aliyelitenda zaidi shuleni mwake?

VITA NA MIAKA YA UPWEKE

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga kazi yote. Waingereza waliitwaa nchi, na mwaka 1920 Gutmann na Wajerumani wenzake walirudishwa kwao. Baadaye Walutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache. Mzigo ukawaangukia walimu wa Kichagga. Wao ndio walioendesha shule, walioongoza ibada, walioamua mashauri ya waumini na waliofundisha wengine.

Zingatia hapo, msomaji mpenzi. Watu walioonwa kuwa wasaidizi tu, walipoachwa peke yao, walijikuta wakijifunza uongozi kwa kuufanya. Walikutana, wakashauriana, wakapima mila yao kwa dini waliyoikubali. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, na Gutmann akiwa miongoni mwao, hawakuwakuta wanafunzi waliowaacha bali watu wazima wenye maoni yao.

SAUTI ASIYOISIKIA

Sasa tumefika penye uchungu wa habari hii. Gutmann alikuwa na sikio la ajabu kwa wazee, lakini sikio hilo lilikuwa zito kwa walimu waliofanya kazi ubavuni pake.

Mfano mkubwa ni tohara ya wasichana. Katika miaka ya 1920 walimu na wazee wa sharika, Wachagga wenyewe, walifikia uamuzi kwamba desturi hiyo iachwe miongoni mwa waumini. Wao waliijua kuliko mgeni yeyote, kwa kuwa waliofanyiwa walikuwa dada zao na wake zao. Gutmann hakukubaliana nao. Yeye aliiona desturi hiyo kama nguzo moja ya jengo zima la mila, akaogopa kwamba nguzo ikiondolewa jengo litaanguka. Hivyo likatokea jambo la kushangaza: mgeni kutoka Ulaya akitetea mila ya Kiafrika dhidi ya Waafrika waliotaka kuiacha, na katikati yao wamesimama wasichana ambao hakuna aliyewauliza.

Hali ilikuwa hivyo hivyo katika mambo mengine. Serikali ya Waingereza iliweka sheria ya elimu mwaka 1927 na kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizofuata masharti yake juu ya masomo na walimu. Kahawa ilikuwa inaleta fedha vihambani. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Vijana na walimu walitaka elimu ya juu, walitaka Kiswahili na Kiingereza, walitaka kuijua dunia iliyokuwa inawakaribia kwa reli. Gutmann aliyatazama hayo kwa mashaka. Alihofia mji, fedha na masomo ya kidunia kuwa vitamtenga mtu na ukoo wake. Moyo wake ulibaki kwenye lugha ya mlima na maisha ya kihamba.

Tusimdhulumu. Hofu yake haikuwa ya bure, maana tumeona vijana wangapi waliopata vyeti wakapoteza wazazi! Na mafundisho yake yalizaa matunda hata nje ya kanisa: Petro Njau wa Old Moshi, mwalimu aliyeathiriwa na fikra za Gutmann, baadaye aliongoza umoja wa raia wa Kichagga uliosaidia kumweka Mangi Mkuu mmoja juu ya mlima wote mapema katika miaka ya 1950. Lakini ni kweli pia kwamba mtu anaweza kuzijua mila za watu kwa undani, kisha akaufanya ujuzi huo kuwa ua wa kuwafungia ndani. Kuwajua watu walivyokuwa jana hakutoshi. Mwalimu inampasa asikie pia wanataka kuwa nini kesho.

Na katika vifungo vyake vitatu palikosekana kifungo cha nne. Ukoo, ujirani na rika vilitosha kijijini Old Moshi, ambako wote walikuwa Wachagga. Havikutosha mjini Moshi, ambako Mchagga alipanga chumba kando ya Mpare, akanunua nguo kwa Mhindi, na akafanya kazi na Mwislamu wa pwani. Kiswahili, ambacho hakikumvutia sana, ndicho kilichowaunganisha watu hao. Waislamu wa Jumuiya ya Ahmadiyya tunalijua hilo vema: mbashiri wetu wa kwanza, Sheikh Mubarak Ahmad, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934, aliishika lugha hiyo, na tafsiri ya Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1953 ili isomwe na mtu wa kabila lolote.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wa Kilutheri wa Kichagga waliwekwa wakfu, na safari ya kanisa kuongozwa na wenyeji ikaanza rasmi. Miaka minne baadaye, mwaka 1938, Gutmann aliondoka Kilimanjaro, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Aliendelea kuandika huko Ujerumani mpaka alipofariki tarehe 17 Desemba 1966. Alijaliwa kuishi hata akasikia kwamba Tanganyika imepata uhuru na kwamba walutheri wa Tanganyika wanaongozwa na Mchagga, Askofu Stefano Moshi, ambaye mwenyewe alianza kama mwalimu.

SOMO KWETU

Ndugu msomaji, hali ya shule imebadilika tangu siku zile. Serikali ya Tanzania ilizitwaa shule nyingi za misioni kwa sheria ya mwaka 1969, na baadaye mashirika ya dini yakaruhusiwa tena kufungua zao. Leo katika mkoa wa Kilimanjaro kuna shule nyingi za Walutheri, za Wakatoliki na za Waislamu, na mjini Moshi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge kinatoa walimu kila mwaka. Katika nyingi ya shule hizo watoto wa dini moja hukaa dawati moja na watoto wa dini nyingine. Hata ndani ya ukoo mmoja wa Kichagga utamkuta Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu, nao mwezi Desemba wanaporudi nyumbani hupewa Mwislamu kisu achinje, ili watu wote wale pamoja.

Mimi hufundisha katika chuo cha dini ng'ambo, na huwaona vijana wakihitimu na kupelekwa katika nchi wasizozijua. Wamejifunza tafsiri, hadithi na kalamu. Wanajibu maswali kwa hoja zenye nguvu. Hofu yangu kwao ni ile ya mtu anayedhani kwamba siku ya kupewa shahada ndiyo siku ya mwisho ya kusoma. Mtukufu Mtume s.a.w. alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, kwanza alimfahamisha kwamba anawaendea Watu wa Kitabu. Alitaka mwalimu ajue anamfundisha nani kabla hajafungua kinywa.

Kwa hiyo mwalimu wa shule yetu, awe Moshi, Tabora au kwingineko, na ajipe kazi tatu. Kwanza, azijue nyumba za watoto wake, pamoja na zile ambazo hazina dini yake, kwa kuzitembelea wala si kwa kusikia. Pili, asikae peke yake. Walimu wa shule moja wakutane kila juma, mmoja aeleze somo lililomshinda, wenzake wamsaidie, na asiwepo anayeona haya kuwa hajui. Katika kikao hicho Mkristo anayefundisha hesabu katika shule yetu apewe kiti sawa na sheikh. Tatu, na hili ndilo lililomponyoka Gutmann, asikilize walio chini yake: mwalimu kijana, mama mzazi, hata mwanafunzi. Kuinama mbele ya mzee mwenye mvi si kazi ngumu, maana heshima inarudi kwako. Kuambiwa na msaidizi wako kwamba njia uliyoishika inawaumiza watoto, kisha ukanyamaza na kuitafakari, hapo ndipo mwalimu hupimwa.

Neno la kwanza aliloshushiwa Mtume wetu s.a.w. lilikuwa amri ya kusoma, na mpaka mwisho wa uhai wake aliendelea kumwomba Mola wake amzidishie elimu. Ikiwa yeye, mwalimu wa walimwengu, hakuacha kuomba hivyo, sisi ni nani hata tujione tumekwisha hitimu?

Mwenyezi Mungu awape walimu wetu unyenyekevu wa kujifunza kwa kila mtu, na ushujaa wa kuiacha njia yao pindi haki inapowadhihirikia kutoka kinywa cha mdogo. Amin.